Anayekuandikia Si Mimi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla sijakuuliza hali, hebu uangalie mwandiko. Hiyo "k" yenye mguu mrefu ulinifundisha wewe, kwa rula mkononi, na hadi leo haijanyooka. Ni mimi. Je, u hali gani? Kile kifua cha vumbi la kiwandani kimepungua? Mimi mzima wa mwili. Mengine utayasoma.

Utashangaa barua ya karatasi zama hizi. Anwani yako nimeitoa kwenye kifurushi cha miwani uliyomtumia Baba. Nina neno zito la kukuambia, lakini halitakuingia mpaka kwanza uamini jambo moja: huyo unayechati naye kila siku, mwenye jina langu na picha yangu, si mimi. Simu ninayo mkononi, ila akaunti yangu ina mwenyewe mwingine.

Ilikuwa hivi. Baba alipochukuliwa vipimo, tuliambiwa hospitali itapiga simu. Basi asubuhi moja niko dukani, mashine ya kopi imetafuna karatasi, wateja wamejaa hadi mlangoni, simu ikaita. Dada mmoja, sauti ya upole, akaniuliza kama mimi ndiye binti wa mzee fundi cherehani, akataja hadi wodi. Akasema majibu yametoka, lakini ni siri ya mgonjwa, kwa hiyo kuna namba imetumwa kwenye simu yangu, nimsomee ili aweze kuyafungua. Nikamsomea. Mimi! Mimi niliyechapa kwa herufi nyekundu lile tangazo la pale ukutani, kwamba usimpe mtu yeyote namba ya siri uliyotumiwa. Mimi ninayewafokea wateja wanaoacha barua pepe zao wazi kwenye kompyuta za watu. Nilisoma namba huku nimelikodolea macho tangazo lenyewe. Na hiyo wodi niliitangaza mwenyewe, kwenye ile picha ya Baba kitandani niliyoiweka hadharani ili watu wamwombee.

Haukupita muda nikatolewa nje ya akaunti yangu. Fundi simu wa jirani alihangaika nayo mchana kutwa, mwishowe akaniambia yule mtu ameshaweka namba yake ya siri ya pili. Ni ile hatua ambayo mimi kila siku nilisema nitaiweka kesho. Akanishauri niwapigie watu wote haraka kuwatahadharisha. Niliwapigia. Wewe ulikuwa umeshawahiwa: laini yangu ulikuwa umeshaifungia, nadhani yule mtu alikuandikia kwa jina langu kwamba imeibwa.

Unamkumbuka mtu aliyekupigia kwa namba ngeni, analia? Ulimwambia kwamba dada yako ameshakuonya, matapeli siku hizi wanaiga hata sauti, ukamuuliza kama haoni haya kuufanyia biashara ugonjwa wa mzee wa watu. Ukakata, ukaifungia ile namba. Ya mjomba nayo ukaifungia, na kila namba ngeni ya huku. Nilikuwa mimi, kaka. Wala sikulaumu, maana ulifanya vile vile nilivyokuwa nakuhubiria.

Nikakaa chini nikiwaza nitakuthibitishiaje. Siri zetu zote tulishaandikiana mle, na yule kazisoma, anajua hata tunavyotaniana. Nikatafuta kitu ambacho hatujawahi kukiandika popote. Nilikipata kimoja tu: ule mfuko mdogo aliotushonea Baba ndani ya kiuno cha kila nguo ya shule, upande wa kushoto, kwa uzi wa kijani. Alituambia tutakachoweka humo tusimwonyeshe mtu, hata yeye.

Humu kwenye kifurushi kilichokuletea barua hii kuna suruali yako. Ipapase kiunoni. Aliishona kwa mkono akiwa kitandani, mimi nikimshikia kitambaa, maana nguvu za kukanyaga cherehani hakuwa nazo tena. Utaona uzi umeenda vizuri hadi karibu na mwisho, halafu unayumba. Hapo ndipo alipochoka.

Kaka, Baba hatunaye. Tumeshamzika. Wiki ile ya mwisho alikuwa akiniuliza mbona kijana hapigi, na mimi nikawa nampigia nambari yako kwa simu ya kuazima, namwekea sikioni, haiiti. Nikamwambia mtandao unasumbua. Akasema haya, labda kesho. Njia yake ya kuongea nawe ilikuwa akaunti yangu, nami nilikuwa nimeigawa kwa maneno mawili matatu ya upole. Nimelia hadi nimechoka, na hakuna kilichorudi.

Najua wewe ulikuwa unaambiwa amelala, usimsumbue. Usitume hela yoyote tena ya matibabu, nakuomba. Hakuna wa kutibiwa.

Mjomba anakusalimu, naye fundi simu anakupa pole ingawa hakujui. Mfuko nimeuacha mtupu, kwani Baba hakusema uweke nini. Barua zangu zote za zamani zilikuwa zinaishia na maneno yale yale, unayakumbuka. Hii haitakuwa nayo. Leo jioni, kama kawaida, utaandikiwa kwa jina langu kwamba amekula vizuri na, kwa maneno yangu yale yale, kwamba Baba anakusalimu. Hakusalimu, kaka. Huyo si mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Kiroboto