Kibanio cha Bunduki ya Shomari

Jumapili, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, mvua ya Sydney isiyo na radi wala haraka, kama mtu anayelalamika chini chini. Mgongo unauma. Nimekaa kitandani, na nina wivu.

Nimeliandika hilo neno mapema ili nisije nikalizunguka.

Wivu wenyewe si wa mwanamke. Ingekuwa afadhali, watu wangenielewa. Ni wivu wa rafiki, na umeanzia kwenye bunduki ya kuchezea.

Huku kuna watu wazima wanaocheza vita kwa bunduki za plastiki zinazorusha risasi za sponji. Zile za kurusha vidonge vigumu haziruhusiwi hapa, kwa hiyo sisi ni sponji tu. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka. Halafu nikaenda, nikakimbia, nikapiga kelele kama mtoto, na kwa saa chache mgongo sikuusikia kabisa. Tangu hapo mimi na Shomari tunapanda treni kila Jumapili kutoka Seven Hills mpaka Minto, kwenye ukumbi ambao wenzetu wanaukodi.

Shomari ni Mzaramo, mimi ni Mnyamwezi. Anayejua ameshajua: sisi ni watani. Siku nilipohamia nyumba hii tunayopanga, hakuniuliza jina. Aliniuliza kabila, akacheka mpaka akashika ukuta. "Babu zako walibeba mizigo kwa miguu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo," akasema, "na wewe umepanda ndege kuja kubeba maboksi Smithfield. Damu haipotei, mpagazi wangu." Nikamwambia babu zake walikaa pwani wakipiga ngoma, wakisubiri mizigo yetu ifike, na yeye mpaka leo anasubiri, maana hata wali ananingojea mimi nipike.

Mgeni akitusikia anadhani tunagombana. Hajui. Kiwandani napanga maboksi siku nzima, na kama nikisema maneno kumi, yote ni ya Kiingereza. Nikirudi, Shomari akinitukana ndipo nakuwa mtu tena.

Sasa bunduki. Shomari aliinunua kwa jamaa aliyekuwa anahama. Ni aina ya shotgan, ya kukokota kwa mkono, na ukiikokota inalia vizuri mpaka unaona raha. Tatizo lake inakubali magazini yake yenyewe tu, fupi, ya risasi sita. Wenzetu wote wanatumia magazini ndefu za aina moja. Ukiishiwa katikati ya mchezo, mwenzako anakurushia ya kwake. Shomari akiishiwa anachutama nyuma ya pipa, anachomeka risasi moja moja, huku anapigwa za kichwa.

Nikamwambia, "Niachie mimi. Nitaifanya ikubali magazini za wenzetu."

Ukweli ni kwamba sikuwa najua. Shule niliishia kidato cha pili. Lakini Tabora niliwahi kufanya kazi kwa fundi baiskeli, na fundi baiskeli hasemi hawezi. Nilikata mdomo wa kuingizia magazini kwa msumeno mdogo, nikapiga tupa, nikagandisha kwa gundi kipande cha plastiki nilichokitoa kwenye magazini iliyovunjika. Nikitoka kazini nilikuwa naingia gereji moja kwa moja. Shomari anasimama mlangoni na kikombe cha chai: "Fundi wa Tabora, hiyo baiskeli tutaipanda lini?"

Magazini ikaanza kuingia. Ila ilikaa chini, unene wa kucha tu, na ukikokota inakunja risasi badala ya kuisukuma. Nikaongeza gundi, ikakaa juu mno. Nikapiga tupa tena. Sikuwa na haraka. Nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe sikuijua mpaka ilipoondoka.

Maana siku moja nilirudi nikakuta meza ya gereji tupu. Shomari alikuwa amempelekea Mutua.

Mutua ni Mkenya, nesi kwenye nyumba ya wazee ambako Shomari anafanya usafi. Ndiye anayetukodia ukumbi. Ana gari, na ana printa ya 3D, mashine inayochapa vitu vya plastiki. Alimwambia, "Leta hiyo kitu, bro. Hiyo ni kazi ya jioni moja." Na ikawa kazi ya jioni moja. Alipima, akachora kwenye kompyuta, mashine ikatoa kipande cheusi cha kuungia, pamoja na kibanio kidogo cha kuishika magazini isidondoke. Ukiingiza inalia tik. Risasi haikunjiki hata moja.

Nilitamani kiwe kibaya. Nilikishika, nikakigeuza, nikapitisha kucha kwenye kingo zake kutafuta kosa. Sikulipata.

Lakini hilo ningelimeza. Kilichonikaa kooni ni maneno aliyoniambia Shomari: "Samahani kaka, nimeichukua ile bunduki. Ahsante sana kwa kujitahidi."

Samahani. Kaka. Kujitahidi.

Mtani haombi samahani. Mtani anachukua, anaondoka, na ukimfuata anakudai nauli. Angeniambia mikono yangu ni ya kubebea pembe za ndovu, si ya kushika tupa, ningelala usingizi mzuri. Badala yake wiki nzima akawa mpole. "Kaka, umekula?" "Kaka, pole na kazi." Kama vile mimi ni mmoja wa wale wazee wake.

Na ukuta wa nyumba hii ni mwembamba. Alhamisi nikamsikia akiongea na simu: chumba cha Minto ni kizuri, atatoa jibu. Mutua anakaa huko, na ana chumba kitupu. Wangekuwa wanakwenda kazini kwa gari moja.

Hakuniambia.

Jana bunduki ilikuwa kwenye kochi, Shomari yuko bafuni. Nikachomoa kibanio, nikakitia mfukoni.

Kwetu hilo si kosa. Tulipokuwa tunamzika baba, watani walichukua majembe, wakakaa juu yake, wakasema mzee hazikwi mpaka walipwe jogoo. Mama alikuwa analia, akacheka. Baba mdogo akatoa jogoo, majembe yakarudi. Hiyo ndiyo dawa ninayoijua. Nilidhani Shomari akikikosa atapiga mlango wangu kwa teke, aseme mpagazi mwizi, rudisha. Nami ningemdai jogoo, na tungekuwa tumerudi nyumbani.

Hakuona. Akaifunga bunduki kwenye begi akalala.

Leo ukumbini, mchezo umekolea, Shomari akatoka nyuma ya pipa, akakokota. Magazini ikadondoka miguuni pake, risasi zikatawanyika sakafuni. Akapigwa na watu watatu kwa pamoja, vicheko ukumbi mzima. Mutua akaja akainama, akaangalia. "Clip imetoka. Usijali, boss. Nikifika kwangu naprint ingine, nikienda shift ya usiku napitia kwenu nakuachia."

Sikuwa nimefikiria hilo. Majembe ya watani hayachapwi mengine. Huyu jogoo wangu hakuwa na bei tena.

Shomari akaangalia sakafu, halafu akaniangalia mimi. "Kaka, hujakiona?"

Nikasema, "Sijakiona."

Hapo ndipo nilipoharibu. Mtani akificha kitu, akiulizwa anasema ninacho, utafanya nini? Anakisema kwa sauti, watu wote wasikie. Ukificha na ukakana, huo si utani tena. Ni wizi, na aliyenituma ni wivu. Nilisimama na Shomari pale, kibanio kinanichoma paja.

Mutua naye, kama vile hajatosha, akanishika bega. "Maganga, huo mgongo wako unauinamisha vibaya. Kuja siku moja nikuonyeshe mazoezi." Yule mtu hata nafasi ya kumchukia hanipi.

Kwenye treni Shomari aliangalia dirisha, mimi nikaangalia begi la bunduki. Tulipofika kila mtu akaingia chumbani kwake.

Nilianza kuandika haya kisha nikasimama. Nilikwenda mlango wa nyuma kutayarisha mabuti ya kazi, maana kesho ni Jumatatu, na bila mabuti ya chuma getini hawakupitishi. Nikakuta buti la kulia peke yake.

Niliangalia chini ya benchi. Niliangalia nje, kwenye mvua, nikidhani ni mbwa wa jirani. Halafu nikasimama, nikaanza kuelewa taratibu, kama mtu anayeamka.

Nikagonga mlango wa Shomari.

"Buti langu la kushoto liko wapi?"

Sauti yake ikaja, ile ya zamani, ambayo sikuisikia wiki nzima: "Ninalo. Utafanya nini?"

"Nina kazi kesho."

"Wapagazi walitembea peku mpaka Bagamoyo. Wewe buti la nini? Mwizi mkubwa. Umekivuta kibanio mchana kweupe, halafu unakodoa macho kama mbuzi wa mahari. Nilikuona ukumbini unavyolishika hilo paja."

Nilikuwa nimeegemeza kichwa mlangoni.

"Nataka kibanio changu," akasema, "na wali wa nazi. Buti utalipata ukinishibisha."

Nikamwuliza kwa kupitia mlangoni lile nililoogopa kumwuliza ana kwa ana. "Na Minto?"

"Minto nitahamaje? Mpagazi wangu ana kiatu kimoja."

Hakusema hahami. Nimekaa hapa nalipima lile jibu, na kila nikiligeuza naona amesema nusu tu. Chumba bado kipo, gari bado lipo, na kipande cheusi cha Mutua bado ni kizuri kuliko changu. Wivu haujatoka. Umesogea tu kidogo, nikapata pa kukaa.

Kopo la nazi lipo kabatini. Mchele upo. Mutua amesema atapitia hapa kabla ya shifti, akiwa na kibanio kipya ambacho hakihitajiki tena. Atasimama mlangoni, atasikia harufu, na Shomari atamkaribisha, namjua.

Naenda jikoni. Nipime mchele wa watu wawili, au wa watatu?