Wapakuzi Hawapiti Hapa

Jumatatu, 15 Septemba
Mvua tena. Kidato cha Nne, historia: ufashisti Uingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Walidhani ni mambo ya Wajerumani na Waitaliano tu. Nikawaeleza. Watu hawana kazi, anatokea tajiri mwenye ulimi mtamu, anavalisha vijana mashati meusi. Kwanza anahubiri ajira. Kisha anatafuta wa kulaumiwa: Wayahudi. Chebet akauliza kama huyo mtu ana shamba hapa Sosiot. Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Maana tuna Bett wetu, anayetaka kiti cha wadi. Vijana wake wanavaa fulana nyeusi. Wametangaza kwamba "wageni", yaani wasio Wakipsigis, waondoke sokoni kabla ya Jumamosi. Mama yangu ni Mkisii, anauza ndizi pale tangu sijazaliwa. Mgeni wa nani? Nina hasira hadi meno yanauma.

Jumatano, 17 Septemba
Mama amefunga magunia. Anasema atarudi Kisii. Kwa nani? Nyumba ya babu ilishaanguka.

Mwalimu mkuu anataka nifute mchezo wa siku ya wazazi, ule wa wanawake wa mashariki mwa London waliowamwagia mashati meusi maji machafu kutoka madirishani. Nimekataa. Naogopa sana, lakini nimekataa.

Ijumaa, 19 Septemba
Siku ya wazazi. Bett alikaa mstari wa mbele na watu wake, wote na fulana zao nyeusi. Chebet juu ya dawati, ndilo dirisha letu la London. Wiki nzima nimemsahihisha: wabaguzi, Chebet, wabaguzi. Ulimi wa Kipsigis, unaochanganya b na p, g na k, ukafanya kazi yake.

"Wapakuzi hawapiti hapa!"

Kisha mama yake Chebet, muuza maziwa ya mursik, akasema kutoka nyuma, "Ni ukweli. Hao wanapakua na hawajapika kitu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata mwalimu mkuu. Bett alitabasamu kama mtu aliyekalia siafu. Ninashukuru Mungu kwamba Chebet hanisikilizi.

Jumamosi, 20 Septemba
Walikuja sokoni kweli. Mama hakuondoka; alikuwa kwenye meza yake, nimemshika mkono. Wanawake wakajipanga mbele yetu, Wakipsigis pekee, na vibuyu vyao vya mursik. Mama Chebet akamtazama Bett.

"Mpakuzi, leo umepika nini?"

Soko likalipuka. Kila meza ikauliza vilevile, mpaka kule kwa wauza viazi. Vijana wakaangaliana. Mmoja akavua fulana, akaigeuza nje ndani, akaivaa tena. Wakachekwa zaidi. Bett akaingia kwenye gari lake, akafunga kioo.

Tumeshinda. Naandika tena kwa raha yangu: tumeshinda. Ndizi ziliisha kabla ya saa sita.

Jumapili, 21 Septemba
Kanisani, kisha nyumbani. Jua kidogo. Mama amechimba shimo nyuma ya nyumba, akapanda mche wa avokado. Miaka yote hii alipanda mboga tu, hakuwahi kupanda mti.

Nilimuuliza utazaa lini. Akasema hana haraka.