Jangwa Linaningoja na Mimi Bado Nimevaa Nyeusi

Evere, Bruxelles
Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Gracieuse,

Pokea kwanza salamu zangu nyingi, wewe na wote mlio hapo Likasi. Hujambo? Mgongo bado unakusumbua? Na wale kuku uliokuwa ukiwalalamikia, wameanza kutaga au wanakula bure tu? Mimi ni mzima, ukiacha goti la kulia. Roho ndiyo haijatulia.

Kilio cha mume wangu Donatien hakijaondolewa mpaka leo. Miezi kumi na minne! Desturi yetu unaijua: mwaka ukitimia, dada wa marehemu anamvua mjane nguo nyeusi mbele ya ukoo, watu wanakula na kucheza, na mjane anakuwa huru kusafiri. Siku ya mazishi niliahidi mwenyewe, tena kwa sauti, kwamba sitatoka mji huu kabla ya kuvuliwa. Mdomo wangu huu! Nani alinituma?

Wifi yangu Mbombo anaahirisha tu. Mwezi wa saba tulimngoja kaka yao Kalenga, aliye huko kwenu, apate viza, viza ikakataliwa. Mwezi wa nane ukumbi aliouona Saint-Josse ulikuwa mdogo. Sasa ni kitenge cha sare: kijani hakitaki, bluu eti ni ya harusi. Nikimuuliza ananiita dada mkubwa, lakini jibu ni lile lile: "Bon, yaya, tungojee kidogo. Kilio haiwezi kukimbia."

Wakati huo mobil-home, ile motokari yetu ya kulala, imesimama chini barabarani. Naiona dirishani kila asubuhi nikinywa chai. Majani yameota pembeni ya magurudumu, na baiskeli yangu iko balkoni imefunikwa shuka.

Sijawahi kukueleza vizuri ile safari yangu ya Morocco, miaka minne iliyopita. Nilikwenda peke yangu. Donatien alikataa katakata, akasema hakutoka Katanga kuja kutafuta vumbi lingine. Niliegesha motokari nje ya kijiji kimoja karibu na Zagora, pale jangwa linapoanza. Asubuhi nilipiga pedali kwenye njia ya mawe kabla jua halijawa kali, maji nimeyafunga nyuma ya kiti. Alasiri nilipanda vilima kwa miguu. Siku nne hakuna aliyeniita mama, madame wala shemeji. Nilisonga bukari ya unga wa mahindi kwenye jiko dogo la gesi, nikala na sardini nikiwa nimekaa mlangoni. Naona haya kuandika hivi, maana mume wangu alikuwa hai nyumbani, lakini nilifurahi, Gracieuse. Nilifurahi sana.

Sasa daktari anasema goti litapasuliwa Januari. Baada ya hapo huenda nikaendesha baiskeli, lakini kupanda mawe na mzigo mgongoni hakuniahidi. Nisipokwenda tena kule jangwani kabla ya baridi, basi tena. Kwa hiyo najizoeza humu humu ndani: naweka mifuko miwili ya unga begani, napanda ngazi hadi ghorofa ya kumi, gauni jeusi na viatu vya michezo. Mzee Jérôme wa ghorofa ya tatu ameniuliza mara mbili kama ninahama. Natamani ningemjibu ndiyo.

Juzi Jumapili Mbombo alikuja akitoka soko la Gare du Midi. Nilikuwa nimekwisha kujipanga kugombana. Nilimwambia kuhusu goti, kuhusu jangwa, na kwamba ananifungia ndani makusudi. Nilipaza sauti hadi nikajisikia vibaya. Yeye aliendelea kuchambua majani ya lengalenga, kisha akasema, "Yaya, siku nitakuvula hii robe, Donatien atakufa ya kweli. Alors mie nitabakia na nani huku?"

Nilidhani ni roho mbaya, kumbe! Hana mume wala mtoto; Donatien ndiye aliyemleta Ulaya. Mimi nikiwa katika nguo nyeusi, kwake hapa bado ni nyumbani kwa kaka yake. Tulilia wote wawili, na mboga haikupikwa.

Hasira ilikuwa inanisaidia, mdogo wangu. Sasa nikiitazama ile motokari namwona Mbombo, na hapo ndipo nimekwama kabisa.

Hata hivyo, jana nilimpigia simu, nikampa tarehe: Jumapili, tarehe 5 Oktoba, hapa kwangu, bila ukumbi, bila sare. Kalenga atatubariki kwa simu. Kesho yake naondoka. Akasema, "Mie pekee siwezi, yaya. Weye ndjo utanisaidia kufungua bifungo." Nikamwambia nitamsaidia.

Barua hii naituma na jirani yetu Amissi anayesafiri Alhamisi. Tafadhali, siku hiyo uwe kwa Kalenga tangu asubuhi, uhakikishe simu yake ina chaji, na umwombe asihubiri kwa muda mrefu.

Nisalimie tonton Hénock, maman Claudine na Océane, mwambie viatu vyake nimevipata. Mungu awalinde nyote na kuwajazia nyumba amani.

Na wewe unikumbuke katika sala, ila usiniombee kuhusu barabara, maana naijua. Ninachoogopa ni kwamba, nikimwona Mbombo analia siku hiyo, nitaivaa tena ile nguo kwa mikono yangu mwenyewe.

Ni mimi, yaya yako akupendaye,
Bibiane