Septemba Niliyoikimbia

Omaha, Nebraska
Jumatano, katikati ya Machi

Kwako kaka yangu Wendell,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumai wifi Bernadette hajambo, ndama wa mwaka huu wanazaliwa salama, na theluji imeanza kuondoka upande wa ghala. Mimi ni mzima wa mwili. Hali ya mguu wako siiulizi kwa desturi ya barua, naiuliza kwa hofu. Kwenye simu ungenikatiza kwa mzaha nami ningekimbilia kucheka, ndiyo maana naandika.

Jumatatu asubuhi majibu yalitoka. Sikupata nafasi, kaka. Hakuna hospitali hata moja nchini iliyonichukua kusomea upasuaji wa mifupa. Wenzangu walikumbatiana ukumbini, nami nikajifungia chooni nikalia mpaka mama wa usafi akagonga mlango kuuliza kama nahitaji daktari. Nilicheka kidogo, kisha nikaendelea kulia.

Unakumbuka ilivyoanza. Mtihani mkubwa niliponea chupuchupu, na kwa wapasuaji wa mifupa kupita kwa namna hiyo ni sawa na kufeli. Mshauri wangu, Dk. Haskell, mama asiyepaka maneno asali, aliniambia alama zangu hazitanifungulia mlango wowote. Dawa iliyobaki, alisema, ni ile miezi ya ugenini, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anapokwenda kufanya kazi mwezi mzima katika hospitali anayoitaka ili wamwone kwa macho. Alinionya nisikimbilie majina makubwa. Niende pale watakapotazama mikono yangu kwanza, karatasi baadaye.

Ndipo wewe, bila kuniuliza, ukamwendea Dk. Stanek, aliyekuunga mguu kwa chuma na skrubu mwaka ule trekta ilipokulalia. Hospitali yake ni mwendo wa nusu saa kutoka shambani na huchukua wanafunzi wawili tu kwa mwaka. Ulimsimulia jinsi dada yako, akiwa na miaka kumi, alivyomfunga ndama mguu kwa vipande vya kreti, na ndama akatembea. Akanipa Septemba nzima. Ukanipigia ukijigamba: "Haya, Bibi Mifupa, usije ukaniaibisha. Huyo mzee ndiye anayezijua skrubu zangu!"

Siku kumi kabla ya Septemba nilikuambia hospitali imenifutia nafasi, na kwamba kwa bahati nimepata nyingine Chicago. Wifi alinisimulia wakati wa Krismasi, tukikanda unga wa vile vimkate vitamu vya kolache, jinsi ulivyokwenda kusimama mbele ya wagonjwa wa Dk. Stanek ukamwita mwongo, mzee asiye na neno. Alikusikiliza mpaka mwisho, akasema tu, nisamehe, Wendell. Tangu siku hiyo hujakanyaga kwake.

Huko Chicago nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Sikuketi mbele ya mkubwa, sikusema nimechoka, na mifuko yangu ilijaa bandeji na mikasi. Siku ya mwisho Dk. Voss, kiongozi wa madaktari wanaosomea pale, aliniambia mikono yangu ni mizuri kuliko ya wengi, ila kompyuta yao huchuja maombi kwa alama kabla mtu hajasoma jina. Hata kwenye usaili hawakuniita. Dk. Haskell alikuwa amenieleza hayohayo miezi mitano kabla, nimekaa ofisini kwake.

Sasa niseme, kaka. Dk. Stanek hakunifutia chochote. Ile hospitali kubwa ya Chicago, niliyokuwa nimeiomba pia, iliniandikia kwamba kuna mwanafunzi amejitoa, tamaa ikanipanda kichwani. Nilimwandikia Dk. Stanek kuwa kuna ugonjwa nyumbani, siwezi kuja. Alijibu mistari miwili, akituombea afya. Kisha ukaingia wewe, mzima wa afya, unafoka, naye akaelewa yote papo hapo. Sentensi moja tu ingetosha kuniumbua. Alimeza matusi yako ili usinijue nilivyo.

Krismasi ileile nilikuona ukiburuta mguu kutoka zizini, nikainamia unga. Nilijiambia nitasema nikishapata nafasi, kwa sababu ukweli ungekuwa mwepesi nikiwa na habari njema mkononi. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyowaza.

Jumapili wifi alinipigia. Anasema usaha umeanza kutoka kwenye kovu, juu ya kile chuma, na homa inakujia kila jioni. Kila akikusihi urudi kwa Dk. Stanek unamjibu kwamba unamngoja dada yako, atakufungua mwenyewe akishafuzu. Eti unawatangazia hata watu wa ghala la nafaka.

Kaka, hakuna wa kumngoja. Hata kama ningechukuliwa, mafunzo ni miaka mitano, na chuma kilichoingia usaha hakikupi hata wiki tano. Leo asubuhi nimempigia Dk. Stanek nikamwomba radhi. Hakunikaripia. Aliuliza tu homa yako ni ya siku ngapi. Anakungoja siku yoyote utakayofika, na wifi nimeshamwambia, ila nakujua, usingekwenda kabla ya kusoma haya.

Mwombe radhi kwa lako, langu nimeshaliomba. Nisalimie wifi na wote wa nyumbani. Nikasirikie utakavyo, lakini nikasirikie ukiwa na miguu miwili.

Ni mimi dada yako, ambaye si Bibi Mifupa,

Adela