Mtutu Mfupi wa Wafula

Jumatatu, 3 Juni
Nimesafisha bunduki saba za kambi. Ndefu nne, fupi tatu. Risasi zake ni za ukubwa mmoja, zinaingia zote. Hapo ndipo hatari. Baruti ya risasi za mtutu mrefu huungua polepole. Kwenye mtutu mfupi inatoka haijaisha: kasi inapungua, moto mkubwa unalipuka mdomoni mwa bunduki, unapofusha macho. Ndiyo maana naandika makasha ya risasi kwa chaki. Paa la ghala linavuja, kama kila kitu Kitale mwezi huu. Makasha mawili yamelowa, chaki imefutika. Nitayaandika kesho.

Jumanne, 4 Juni
Sikuyaandika. Wafula, askari wa wanyamapori, kapita mbio akienda zamu ya mlimani. Nyati wanamaliza mahindi ya watu. Kachukua bunduki fupi. Nikampa risasi tano kutoka kasha lililolowa. Sikusoma maandishi kwenye vitako vya risasi. Nilizipima kwa mkono tu. Miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, mkono unajua.

Alhamisi, 6 Juni
Wafula ameuawa na nyati. Jana jioni, ukingoni mwa msitu. Ndiwa, mwenzake wa zamu, anasema alifyatua mara moja, akafunika macho, mnyama akamfikia. "Aliogopa, bana."
Nimefungua lile kasha. Za mtutu mrefu. 

Jumapili, 9 Juni
Silali. Nikifumba macho naona ule moto, na sikuwepo. Kiganja cha kulia bado kina uzito wa risasi tano. Nanawa, hauondoki. Kambi nzima inasema Wafula alikuwa mwoga. Kasha nimeliandika upya, vizuri kabisa. Mwoga ni mimi.

Jumamosi, 15 Juni
Tumemzika kwao Mabanga. Vijana nyuma yangu walicheka: "Ati askari, arafu anaficha macho!" Mama Nafula, mkewe, alisikia. Nilimwona akisikia. Nikatupa udongo tu.

Jumatatu, 17 Juni
Nimerudi Mabanga. Siku ya tatu ya maziko ukoo huketi, kifo kielezwe, na anayejua kitu asimame. Ndiwa alisema yake. Mama Nafula akatazama chini. Miguu ilinisimamisha kabla sijaamua. Nikasema yote: chaki, kasha, moto. Wafula hakuogopa. Mimi ndiye niliyempofusha.
 Halafu Mama Nafula akauliza, "Ulipima na mkono gani?"
Nikamwonyesha. Akautazama muda mrefu. Wakati wa kuaga nikaunyoosha kwake. Hakuupokea.

Jumatano, 19 Juni
Nimeandika taarifa kwa mkuu wa kambi na kukabidhi funguo za ghala. Ndiwa amepiga simu. Amewaambia wote kambini kwamba alikosea kuhusu Wafula. Mvua imeanza tena hapa nyumbani Matisi. Mke wangu ameniletea chai. Nimeipokea kwa mkono wa kushoto.