Mashini Inayozimika Kila Saa

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita

Kurasa thelathini na mbili za historia kabla ya saa sita. Imprimante ya nukta, ile ya kuchapa breli, inapiga kelele kama mtu anapasua kuni ndani ya ofisi, lakini nimezoea, hata chai ninakunywa kando yake. Kitabu cha kwanza kimekwisha.

Nilikuwa ninapanga karatasi wakati ordinateri ilizimika. Courant ya umeme ilikuwepo. Taa ilikuwa inawaka. Nikawasha tena. Screen nyeusi, na chini pembeni maandishi: muda wa Windows hii umekwisha, inahitaji activation.

Nikaandika ile amri ya kuongeza siku, ile Sadiki, aliyeijenga mashini hii, aliniandikia kwenye kipande cha karatasi. Miaka miwili inakubali. Leo imekataa. Nikarudia. Imekataa.

Baada ya saa moja ikazimika tena, katikati ya ukurasa. Karatasi imeharibika.

Exetat, mtihani wa taifa, inaanza tarehe 16. Wanafunzi wangu watatu wa mwaka wa mwisho hawaoni, na hawawezi kusoma kitu ambacho sijakitoboa.

Jumanne, tarehe 3

Inazimika kila saa. Si mara dakika hamsini, mara sabini. Saa kamili, kama kengele ya shule.

Nimesoma habari yake kwenye simu. Windows aliyoweka Sadiki ni ya majaribio. Ina siku zake, siku zikiisha unaongeza, na kuongeza nako kuna mwisho. Alijua. Hakuniambia.

Siwezi kuhamia mashini nyingine. Imprimante hii ni ya zamani, waya wake ni mpana na una pini nyingi, na ordinateri za leo hazina tundu lake. Ndiyo maana Sadiki aliijenga hii yeye mwenyewe, kipande kwa kipande, vingine akavivusha kutoka Bujumbura. Akaweka mifumo miwili: Windows kwa ajili ya kazi yangu, Linux kwa ajili yake. Ukiwasha inakuuliza unataka upande gani. Upande wake sijawahi kuingia hata siku moja.

Wala siwezi kuiweka Windows upya. Programu ya breli itafutika nayo, na CD yake ilienda na maji mwaka ule ziwa lilipoingia nyumbani.

Nyota, mmoja wa wale watatu, amepita mchana. Ameshika mlango, akasimama.

"Mwalimu Faida, jeografia iko tayari?"

"Kesho."

"Na jana ulisema kesho."

Mwaka jana, kwenye shule nyingine isiyo na mashini, aliingia kwenye mtihani bila kitabu hata kimoja. Wenzake wanaoona walikuwa wanamsomea, wakachoka. Alianguka. Ametoka kijijini Kiringye akaja hapa kurudia mwaka mzima kwa sababu minye nilimwahidi vitabu vinne.

Alhamisi, tarehe 5

Préfet, mkuu wetu wa shule, amekuja mbio, ameshika karatasi juu kama mtu aliyeshinda kitu. Ofisi moja ya kanisa imetupatia clé, ufunguo wa Windows, ya kweli, haijatumika. Nilikaribia kulia. Niliandika zile herufi ishirini na tano polepole, yeye akizisoma kwa sauti.

Jibu: clé hii haifai kwa toleo hili.

Tukaandika tena. Labda tulikosea. Hatukukosea. Windows ya majaribio haikubali clé ya kawaida. Ni lazima kuifuta na kuanza upya, na kuifuta siwezi.

Préfet ameniuliza, "Sasa tunafanya je?"

Nikamrudishia karatasi yake. Ninamkasirikia bure.

Ijumaa, tarehe 6

Mpango mpya. Ninawasha, ninaweka alarm ya dakika hamsini na tano, ninatoboa, alarm ikilia ninasimamisha. Asubuhi imeenda vizuri. Kurasa kumi na nane za jeografia.

Kisha courant ikakatika saa nne. Ikarudi saa saba. Ikakatika. Kila ikikatika katikati, imprimante inasahau ilipofikia na inakanyaga mistari juu ya mistari. Karatasi kumi na moja za kutupa. Karatasi hizi nzito hazipatikani Uvira. Limebaki boksi moja.

Mgongo unauma. Nimemfokea Bahati, mwenzake Nyota, kwa sababu ameuliza saa ngapi.

Jumamosi, tarehe 7

Nimefanya upumbavu.

Kuna mwanaume mwenye duka la simu hapa Kasenga, karibu na mafundi wa viti. Ameniambia ana programu ndogo, inaidanganya Windows, inaamini imelipiwa. "Mama, weka tu hii flash, dakika mbili, mambo inaisha." Nilijua. Nimefundisha watoto miaka tisa wasiweke flash ya mtu wasiyemjua. Nikaweka.

Screen ikawa ya buluu. Ikajizima. Ikawaka. Ikajizima. Sasa Windows haifunguki kabisa. Ile saa moja niliyokuwa ninaililia, hata hiyo sina.

Jumapili, tarehe 8

Sikwenda kusali. Nimekaa kwenye kiti. Mama ameniletea ugali na ndagala, nikaupoza mpaka ukawa jiwe.

Ninajichukia. Si neno kubwa. Ndivyo ilivyo.

Jumatatu, tarehe 9

Nimewaambia. Wote watatu kwenye benchi mbele ya ofisi, mikono juu ya magoti. Nimesema yote, pamoja na flash. Bahati na Riziki wameinama. Nyota ndiye aliyejibu.

"Mwalimu, weye unaona. Kitabu ikiharibika unachukua ingine. Minye kitabu yangu ni ile tu yenye unatoboa. Sina ingine."

"Ninajua, Nyota."

"Apana. Haujue."

Kasimama, akatafuta ukuta, akaenda.

Nilibaki pale nikaona hakuna tena heshima ya kulinda. Saa tisa nikampigia Sadiki. Nilikuwa nimeifuta namba yake lakini vidole vinaijua.

Miaka miwili. Siku aliyotakiwa kuja na wazee wake kwa baba kuniposa, mama alipika tangu asubuhi, shangazi zangu walishuka kutoka Nyakabere na vitenge vipya. Tukakaa mpaka chakula kikaanza kunuka. Baada ya siku nne ujumbe: yuko Kalemie, amepata kazi, nimsamehe. Sikujibu.

Leo aliitika mara ya kwanza tu simu ilipolia.

"Faida?"

"Mashini yako imekufa."

Nikasikia watu wanaongea nyuma yake. Nikafikiri atakata.

"Imekufa namna gani?"

Nikamweleza. Flash pia. Sikulia. Alipoelewa mambo ya watoto, sauti yake ikabadilika.

"Ile Windows ni kosa yangu," akasema. "Nilijua itafika mwisho. Nilifikiria nitakuwa hapo siku ile."

"Haukukuwa hapo."

"Sikukuwa."

Basi. Hatukuongeza. Akasema: kesho asubuhi washa, ikikuuliza unataka upande gani, chagua upande wangu.

Jumanne, tarehe 10

Nimeingia Linux. Ni kama ninafungua barua ya mtu. Neno la siri alinitajia kwenye simu. Lilikuwa jina langu na tarehe ya kuzaliwa kwangu. Nimeliandika, nikabonyeza.

Jambo la kwanza: vitabu vipo. Vyote vinne. Upande wa Linux unaona kabati la Windows, hata kama Windows yenyewe imekufa. Hapo ndipo nimelia.

Jambo la pili: kuna programu ya breli ya bure, haihitaji clé, haihitaji ruhusa ya mtu. Ilichukua saa tatu kuishusha kwa megabaiti za simu. Sadiki alikuwa ananitajia amri, herufi moja moja, kama mtu anafundisha mtoto wa darasa la kwanza. Unaandika mstari, unabonyeza, imprimante inalia.

Imelia! Mama mmoja jirani ametoka kuangalia.

Lakini nilipoishika karatasi nikaona haieleweki. Nukta zipo, maneno hayapo. Nimejaribu mara sita. Karatasi sita. Kisha courant ikaenda.

Jumatano, tarehe 11

Nimemwita Nyota. Nilifikiri hatakuja. Amekuja, hajanisalimia, ameweka vidole juu ya karatasi.

"Hii si Kifaransa. Hii ni matope."

"Soma polepole. Niambie wapi inaharibika."

Amesoma. Akaniambia: herufi za kawaida ni nzuri. Zinaharibika kila penye e yenye alama juu, kila penye ç, na kila penye namba. Na mistari ni mirefu, mwisho wa mstari unakatwa. Minye ninaona nukta kwa macho, lakini siwezi kuzisikia kwa vidole namna hiyo. Katika dakika kumi amepata kitu ambacho sikukipata siku nzima.

Nikampigia Sadiki, nikaweka sauti wazi. Wakaongea wao wawili.

"Iko inatumia breli ya Kiingereza," Sadiki akasema. "Tuipatie ya Kifaransa. Na mistari, breli yenu inaenda herufi ngapi?"

"Karatasi yetu, makumi tatu," Nyota akasema. "Usipitishe hapo."

Tukabadilisha yote mawili, tukatoa karatasi moja. Nyota akaigusa. Midomo yake ikaanza kutembea. Akafika mwisho, akageuza upande wa pili kutafuta kama inaendelea.

"Leta ingine," akasema.

Hiyo ndiyo salamu yake. Nimeipokea.

Alhamisi, tarehe 12

Tangu asubuhi hadi saa kumi bila kuzimika. Hakuna tena ile saa moja. Nilikuwa bado ninaangalia simu kila dakika hamsini, mwili haujaamini. Jeografia imekwisha, nakala tatu.

Lakini boksi limekwisha pia karibu. Nimehesabu mara mbili. Zile nilizoharibu tangu wiki iliyopita zingetosha kitabu kizima. Kilichobaki kinatosha kitabu kimoja, nakala moja moja. Nina viwili: elimu ya uraia na utamaduni wa jumla.

Nimewauliza wenyewe wachague. Wamebishana vibaya. Riziki uraia, Bahati utamaduni. Nyota ametoa sauti ya mwisho: mashini itoboe uraia, utamaduni Mwalimu atausoma, sisi tutaandika.

"Utaandika kitabu kizima kwa mkono?"

"Unafikiri kabla ya mashini yako tulikuwa tunaandika na nini?"

Jumamosi, tarehe 14

Nimesoma kwa sauti tangu saa mbili asubuhi. Wao na zile ardoise, vibao vya matundu, na poinçon zao zenye ncha kali, wanatoboa nukta moja moja kwenye karatasi za kalenda za zamani alizozitafuta Préfet nyumba kwa nyumba. Poinçon tatu kwa pamoja zinatoa sauti ya mvua inayoanza juu ya bati. Nikienda mbio wananisimamisha. "Rudilia, Mwalimu." Saa nane sauti yangu imekatika, Préfet akaendelea, halafu minye tena.

Hatukumaliza. Zimebaki sura mbili. Vidole vya Riziki vilikuwa vimevimba. Nikasema inatosha, na hakuna aliyekataa.

Ninaogopa zile sura mbili. Ninajua watauliza humo. Ninaliona swali lenyewe kabisa, na jibu liko kwenye karatasi niliyotupa.

Jumatatu, tarehe 16

Wameingia. Mavazi meupe na buluu, viatu vimepigwa rangi. Walimu hatuachwi kufika mlangoni. Nimesimama ng'ambo ya barabara, vumbi la pikipiki, mpaka saa saba. Niliomba. Niliacha katikati, sikujua ninaomba nini hasa.

Jumatano, tarehe 18

Bahati anasema ilikuwa vizuri. Riziki anasema ilikuwa mbaya. Nyota hasemi.

Ujumbe kutoka kwa Sadiki: "Mashini inatembea?" Nimejibu: "Inatembea. Aksanti." Nilikaa na simu mkononi, nikaona hakuna neno lingine. Sina hasira tena. Sina pia kitu kingine. Nimeiweka mezani nikaenda kuosha vyombo.

Ijumaa, tarehe 20

Mtihani ulikwisha jana. Matokeo hatujui yatatoka lini.

Nyota amekuja kuaga. Muntu wa pikipiki anamsubiri nje, mufuko wake umefungwa nyuma. Nimemuuliza tu mara moja, zile sura mbili, ziliulizwa? Amesema ndiyo, maswali mawili. Moja amelikumbuka, aliwahi kulisikia kwenye radio. Lingine amebahatisha. Amesema bila uchungu, kama anataja hali ya barabara.

Kisha akaomba vitabu. Vya shule ni vya shule, vinabaki kwa ajili ya watakaokuja, anajua hivyo. Lakini akaviomba.

"Mtihani umekwisha, Nyota. Vya nini?"

"Si vyangu. Ni vya mudogo wangu, Tumaini. Iko na miaka saba. Tangu Pasaka anajigonga kwenye viti. Mama anasema ni mchezo." Akashika ukingo wa meza. "Minye macho yangu yalianza vilevile."

Sikujua. Mwaka mzima amekaa mbele yangu na jambo hilo na hakulisema.

Nimemwambia jeografia ya mwaka wa sita haitamfaa mtoto wa miaka saba. Akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Akasema basi nitengeneze yenye kumfaa, atatuma mtu kuichukua. Tukaagana. Pikipiki ikamchukua.

Karatasi nzito hakuna mpaka mwezi ujao. Nimechukua ardoise na poinçon, na nyuma ya kalenda moja iliyobaki. Nje watu wanarudi kutoka sokoni. Courant imeenda, sikuihitaji.

Nimeanza kitabu cha Tumaini na a. A ni nukta moja tu.