Ndugu wa Kisu Kimoja

Jumatatu, 6 Juni 2005

Mvua tangu alfajiri. Baraza ya msikiti imejaa matope na watu. Kazi yangu ya kila Jumatatu: kuwasomea watu barua za serikali na kuwaandikia majibu. Mzee aliyeandikwa kuwa amekufa, anataka kuthibitisha yu hai. Mjane wa Kiminini na shemeji mlafi. Nimegombana na karani wa ardhi kwa simu. Nimekunywa chai iliyopoa.

Mchana akaja Nekesa, muuza sukuma wiki wa mtaa wa Kipsongo. Hakutaka kukaa. Mumewe amekamatwa. Masaba, fundi wa baiskeli. Binti yao mkubwa, Nanjala, alikwenda kuomba kitambulisho. Karani akamwuliza baba yake alizaliwa wapi. Mtoto akajibu ukweli: ng'ambo, upande wa Mbale. Haukupita muda, askari wakafika kibandani.

Wamemchukua mbele ya wateja, baiskeli ya mtu ikiwa imepinduliwa, magurudumu juu.

Nina hasira mpaka mwandiko huu si wangu.

Jumanne, 7 Juni

Nimekwenda kituoni. Wamekubali nimwone dirishani. Masaba ni mtu mpole kupita kiasi, wa kuomba radhi akikanyagwa. Aliniomba radhi kwa kunisumbua.

Habari yake ni fupi. Wanajeshi walipotawala kule ng'ambo na watu wakaanza kupotea, mama yake alivuka mto naye. Alikuwa mdogo bado, ameshika kanga ya mama njia nzima. Walipokewa katika boma moja karibu na Chwele, Bungoma. Mama akafia hapo. Boma likamlea, likamtahiri, likamtafutia mke. Mke ni Nekesa, Mbukusu wa hapo hapo. Watoto wote wamezaliwa Kenya. Yeye hana karatasi hata moja, maana hakuna aliyewahi kumwuliza.

Ofisa wa uhamiaji, kijana mwenye tai ya rangi ya maji ya machungwa, ananiambia, "Mwalimu, si arudi kwao tu bana? Ni hapo tu ng'ambo."

Nikamwuliza kwao ni wapi, mahali ambapo hajui njia ya kwenda dukani? Akacheka.

Swali hilo la "kwenu wapi" nalijua. Mimi Mnubi. Babu yangu amezikwa Kitale, baba amezikwa Kitale, na bado niliitwa mbele ya jopo la wazee nithibitishe mimi ni nani kabla ya kupewa kitambulisho. Nimewafundisha watoto wa mji huu kusoma. Kijana yule wa tai pengine nilimfundisha mimi. Kama ni hivyo, nilifanya kazi mbaya.

Alhamisi, 9 Juni

Wakili amefika kutoka Eldoret. Jelagat, mwembamba, hacheki, hatozi chochote kwa kesi kama hizi. Nimempenda mara moja kwa sababu hakunipigia makofi nilipohubiri. Alingoja nimalize, akafungua faili.

Ameeleza sheria. Mwanamume wa Kenya akioa mgeni, mke aweza kuandikishwa kuwa raia. Mwanamke wa Kenya akiolewa na mgeni, mume hapati kitu. Nimekisoma kifungu chenyewe. Nikakisoma tena nikidhani miwani yangu ndiyo mbovu. Kumbe nchi nzima ndiyo mbovu. Nekesa aweza kumzalia Mgisu huyu wa ng'ambo Wakenya wengi atakavyo, aweza kulipa kodi ya soko mpaka afe, lakini jina lake halina uzito wa kumweka mume wake nyumbani. Wanaume waliokaa wakaandika haya walikuwa na mama zao. Walikula nini kwa mikono ya nani siku ile?

Njia iliyobaki, anasema Jelagat, ni ukweli. Masaba akiri hana kibali. Tuonyeshe alikuja mtoto, amelelewa hapa, hajawahi kushtakiwa. Tumwombe hakimu muda ili aombe kuandikishwa kama mkazi wa miaka mingi. Hakimu huyu husikiliza.

"Ukweli mtupu," akasema. "Asije mtu kuutia chumvi."

Ijumaa, 10 Juni

Imamu ametangaza habari ya Masaba baada ya swala, ingawa Masaba ni mtu wa kanisa. Akina mama wa kanisa la Matisi wanawapikia watoto kwa zamu. Jirani mmoja ametengeneza baiskeli zilizoachwa kibandani, wenyewe waje wachukue.

Mzee mmoja kaniuliza nje ya msikiti, "Mwalimu, sasa umeanza na Wabukusu? Wetu hawana shida?"

Nimemwambia wetu ni yeyote aliye ndani ya rumande. Na kwamba yeye alipokuwa ndani, kwa ile habari ya sukari ya magendo, hakuniuliza kabila langu. Akaondoka. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Jumamosi, 11 Juni

Chwele. Nimekwenda na Nekesa kutafuta watu wanaomfahamu Masaba tangu utoto. Wazee waliompokea wamekufa. Waliobaki ni bakoki wake, wenzake wa rika: watatu waliotahiriwa pamoja naye, asubuhi moja, uani mmoja, kwa kisu kimoja. Kwa Wabukusu jambo hilo haliishi kidonda kikipona. Hao ni ndugu kuliko ndugu wa tumbo. Watakuzika. Watakutukana mbele ya mkeo na huna ruhusa ya kukasirika.

Mkubwa wao ni Barasa, mkulima wa vitunguu, sauti kama ya mtu anayeita ng'ombe bonde la pili. Alipomwona Nekesa alianza na matusi ya rika. "Huyo mume wako mwoga! Siku ya kisu alikodoa macho kama chura, na leo amejificha kwa serikali tumtafute?" Nekesa alicheka. Mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Nikawapanga. Mseme mlimjua tangu lini. Mseme tabia yake. Mseme mlimwona akifika na mama yake.

"Akifika kutoka wapi?" akauliza Barasa. "Yule hakufika, Mwalimu. Yule ni wetu."

Nikasema vizuri sana, lakini mbele ya hakimu mseme alivyofika. Wakatazamana. Wakasema sawa. Wakatukaribisha kuku.

Nimerudi na moyo mwepesi. Watu wazuri.

Jumatano, 15 Juni

Siwezi kuandika vizuri. Nitaandika hivyo hivyo.

Bakoki walifika Kitale kesi ikiwa karibu kuitwa, wamevaa makoti ya harusi. Jelagat hakupata nafasi ya kukaa nao.

Masaba alisimama akasema kweli yote. Mto, mama, kanga. Kwa sauti ndogo, lakini yote. Hakimu aliweka kalamu chini akamsikiliza. Alimwuliza kama anakumbuka jina la kijiji alikozaliwa. Masaba akasema hapana, anakumbuka mti wa mlangoni tu na mbwa. Nilimwona hakimu. Naapa nilimwona. Alikuwa amekwisha kulainika.

Kisha mashahidi. Mmoja mmoja, wengine wakingoja nje.

Barasa akashika Biblia, akatangaza kwamba Masaba alizaliwa jikoni kwa mama yake Barasa, siku ya mvua ya mawe, na yeye Barasa mwenyewe alitumwa maji ya moto.

Jelagat alifumba macho.

Wa pili akasema Masaba alizaliwa kwao, si kwa kina Barasa, shambani, wakati wa kuvuna mahindi. Wa tatu akasema alizaliwa njiani wakikimbiza mama yake zahanati, kwenye mkokoteni, na mkokoteni huo hadi leo upo.

Mwendesha mashtaka, inspekta mwenye tumbo, alikuwa na sikukuu. "Mheshimiwa, mshtakiwa amezaliwa jikoni, shambani na kwenye mkokoteni. Na yeye mwenyewe anasema ng'ambo. Ati ni watu wangapi hapa kizimbani?" Watu wakacheka. Hata karani. Masaba alifunika uso kwa mikono.

Hakimu alimrudisha Barasa. Akamwuliza kwa nini amedanganya baada ya kuapa.

Barasa akasema, "Mheshimiwa, kuna kiapo nilikula kabla ya hiki."

Hakuna aliyecheka hapo. Lakini hakimu alikuwa ameshika kalamu tena.

Jioni hiyo hiyo

Niliwafuata bakoki hadi nje ya lango la korti na niliwatolea yote. Wajinga. Wauaji kwa mapenzi. Mmeipa serikali kamba, mmeipimia na shingo ya ndugu yenu. Sijawahi kumwita mtu mzima maneno niliyomwita Barasa leo, na mimi nimefundisha darasa la nane.

Hakujibu kwa ukali. Alikuwa amevua koti, amelikunja mkononi.

"Mwalimu, wewe hujui. Mtu mmesimama naye siku ya kisu, ukienda mbele ya watu useme huyu si wa hapa, huyu alitoka kwingine, umemwua. Hiyo haisemwi. Hata akiwa mlevi, hata akiwa mwizi. Hiyo haisemwi."

"Na sasa mmemfanyia nini?"

Akatazama koti lake.

Mpaka wa nchi hii umechorwa na watu waliokwisha kwenda zao, na tunaulinda kwa bidii kuliko wenyewe. Tunalipa watu mishahara wakae mbele ya mto ambao mwanamke huuvuka na ndoo kichwani. Haya najua kuyaandika. Nimeyaandikia magazeti mara nyingi. Lakini leo serikali haikuhitaji hata kutokwa jasho. Tumeifanyia kazi yake sisi, na makoti ya harusi tumevaa.

Ijumaa, 17 Juni

Hukumu. Aondolewe nchini. Hakimu alisema alikuwa tayari kufikiria ombi la muda, kama upande wa mshtakiwa ungeiheshimu korti. Alisema kwa masikitiko. Masikitiko ya mtu anayekwenda kula chakula chake cha mchana. Naye simsamehe: alisikia ukweli kwanza, kutoka kwa mwenyewe, na aliujua kuwa ukweli.

Nekesa hakulia. Aliuliza kama anaruhusiwa kumpa sweta. Kule juu ng'ambo kuna baridi.

Jelagat atakata rufaa. Anasema tusitarajie.

Jumatatu, 20 Juni

Wamemvusha leo asubuhi. Lwakhakha, mpakani. Gari la serikali, askari, mafuta ya serikali, kumpeleka mtu mmoja mahali ambapo siku ya soko watu hupita na mbuzi.

Barasa ametuma gunia la vitunguu kwa Nekesa. Amelipokea, amelipangua, ameanza kuviuza. Ningekuwa mimi ningelimwaga barabarani. Nimemwambia hivyo. Akasema, "Mwalimu, wewe una hasira nzuri. Lakini watoto wanakula jioni."

Nikanunua fungu moja bila hotuba. Si kawaida yangu.

Jumanne, 21 Juni

Nanjala hataki kurudi kuulizia kitambulisho. Anasema mdomo wake ndio uliomfukuza baba. Nimekaa naye mlangoni kwao. Nimemwambia mtoto aliyesema kweli hana kosa. Hakuamini. Nchi imemfundisha somo, na imelifundisha vizuri kuliko mimi nilivyowahi kufundisha chochote.

Nawachukia. Naandika tu ili neno hilo likae mahali.

Jumamosi, 2 Julai

Nimemsindikiza Nekesa Lwakhakha. Siku ya soko. Watu wengi darajani, ndizi, majembe, kuku vichwa chini. Ofisa hakumwuliza yeyote kitu. Tulivuka.

Masaba alikuwa amepata kivuli kando ya duka la saruji. Kuna mtu amemwazima spana. Amekonda. Alikuwa na mteja, akaomba radhi, akamaliza kukaza mnyororo kwanza.

Walikaa kwenye benchi, yeye na Nekesa. Mimi nilikaa upande wa pili nikanunua ndizi nisizozitaka. Walipanga haraka. Watoto wako shuleni Kitale, kwa hiyo Nekesa atabaki Kitale. Masaba atakaa hapa mpaka rufaa. Mipango ilikwisha hapo. Aliuliza habari za bakoki. Nekesa akamwambia Barasa haonekani sokoni siku hizi, anaona haya. Masaba akafuta spana kwa shati.

"Mwambie aje anitukane," akasema. "Hapa hakuna mtu wa kunitukana."

Niliangalia mto.

Tulirudi kabla ya mvua. Nilimfikisha Nekesa Kipsongo, mlangoni kwake. Akaniambia mtoto wao wa mwisho halali vizuri usiku, na kitanda sasa kina nafasi. Leo atawapandisha watoto wote kitandani. Godoro la chini walilokuwa wakilalia atalirudisha kwa jirani, lilikuwa la kuazima.

Nilimsaidia kulibeba.